Niliajiriwa Kuondoka

Nyinyi vijana wa kituo cha utafiti wa ndege wa maji mliniomba niandike machache kuhusu kazi, ati nisiondoke nayo yote kichwani. Mlinipa blanketi, saa ya ukutani na keki yenye jina langu lililokosewa, nami nikasema asante. Habari za vyeo sitaandika, maana havikuwa vingi, na za mshahara mnazijua wenyewe. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifunza, na jinsi mama yangu alivyofungiwa maji na mtu aliyekuwa amevaa kitambaa chake. Mwishoni nitawaambia pia kile kitu mnachokitafuta tangu Ijumaa kiko wapi. Atakayeona maneno yangu makali, anywe chai kwanza kisha aendelee.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuondoka. Si mzaha. Wengine huajiriwa kufagia, kupika, kuendesha gari. Mimi niliajiriwa niende mahali fulani, kisha niondoke, na ndege wanione nikiondoka.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Shamba la mzungu lililokuwa hapa, juu kidogo ya barabara ya Naro Moru, lilikuwa limekatwakatwa, na sisi tuliokuwa vibarua wake tukapewa vipande. Bwawa halikukatwa. Lilibaki pale katikati kama lilivyo leo, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili ile miti iliyofia majini. Kwenye miti hiyo minandi walijenga viota vyao kila mvua ya masika. Nyinyi mnawajua, lakini karatasi hizi huenda zikasomwa na mtu mwingine, kwa hiyo niseme: mnandi ni ndege mweusi mwenye kifua cheupe, anayezama kufuata samaki, kisha anasimama juu ya mti amefungua mabawa yakauke. Kule baharini wako wa kwao. Sisi tuna hawa wa maji baridi ya mlimani.

Wanawake wa kijiji chetu waliteka maji chini ya miti hiyo hiyo, kwa sababu ndipo palipokuwa na mawe ya kukanyaga. Mama yangu, ambaye sisi tunamwita maitu kama kila Mgikuyu anavyomwita mama yake, alikuwa ameteka hapo tangu enzi za mzungu. Walishuka kila asubuhi, wameinama, mtungi wa bati mgongoni, na mukwa kwenye paji la uso. Mukwa ni ule ukanda wa ngozi unaoshika mzigo. Minandi walikuwa juu ya vichwa vyao wakilisha watoto, wakinya, wakigombana. Wanawake nao walikuwa chini wakigombana vilevile. Hakuna aliyemjali mwenzake.

Ndipo akaja Daktari Kariuki. Alikuwa kijana wa huku kwetu, amesoma ng'ambo, Mwafrika wa kwanza kupewa kituo hiki kukisimamia. Wazungu waliomtangulia walikuwa bado wanapita pita na chupa zao za chai, wakimwangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyebeba mayai. Alitaka kujua kwa nini makinda wengine wa minandi wanakufa na wengine wanakua. Swali zuri. Alijenga kibanda cha turubai pale kwenye mawe, chenye kitundu cha kuchungulia, akaingia kukaa. Minandi wote wakaruka, wakaenda kukaa upande wa pili wa bwawa, na hawakurudi mpaka alipotoka. Siku ya pili vivyo hivyo. Makinda wa mnandi huanguliwa wakiwa uchi kabisa, ngozi tupu nyeusi, na asubuhi za hapa mnazijua. Kinda akiondokewa na mama yake kwa muda mrefu anakauka kwa baridi.

Daktari hakuwa mjinga. Aliona kwamba wanawake wanapita chini ya viota na hakuna ndege anayeinua hata mguu. Akaja kwao akawaeleza shida yake. Alisema ndege anajua kuna mtu au hakuna mtu, lakini hesabu hajui. Wakishuka wanawake wawili, mmoja akabaki ndani ya turubai na mwingine akapanda na maji yake, ndege ataona wanawake wameenda. Alihitaji huyo wa kupanda. Maitu akanisukuma mbele. Alimwambia Daktari anichukue, nimemaliza shule na ninakula githeri yake bure.

Basi huyo wa kubaki alipaswa kuwa Daktari mwenyewe, na alipaswa kufanana na mwanamke. Jamani, mwanamume wa Kigikuyu kubeba maji kwa mukwa! Siku zile, na hata leo, mwanamume angekufa kiu kwanza. Maitu alimfunga shuka kiunoni, akavua kitambaa chake cha kichwani, cha manjano chenye maua ya buluu, alichokinunua sokoni Karatina, akamfunga nacho. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Daktari hakucheka. Aliinama, akapokea mtungi, ukanda ukamkata paji. Maitu akamzunguka akimkagua, akamwambia, "Usitembee kama mtu anaenda ofisi. Inama. Angalia vidole vya miguu yako."

Akainama. Tukashuka yeye na mimi, tukaingia kwenye turubai, mimi nikateka, nikaondoka. Nilipofika juu ukutani niligeuka kutazama. Hakuna ndege hata mmoja aliyeruka. Nilimheshimu sana Daktari siku hiyo, na hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Ndivyo nilivyoingia kazini. Kitambaa maitu alimwachia, kwa kuwa alikihitaji kila siku.

Aliyenifunza kazi yenyewe ni Mzee Ramadhani. Alikuwa mtu wa Majengo, Nyeri mjini. Babu yake aliletwa na jeshi kutoka kaskazini, mama yake ni wa huku kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote, jambo ambalo hakutuacha tulisahau. Yeye ndiye alikuwa na mfuko wa vyombo: koleo za kubania pete, mizani ya kuning'iniza, bisibisi, uzi, nta, na vifuko vya kitambaa cha marekani alivyoshona mwenyewe vya kumtia kinda wakati wa kumpima. Vifuko alivifua kila jioni, maana mnandi mchanga akiogopa anatapika samaki, na harufu ya samaki aliyekwisha kumezwa mara moja haisemeki.

Sikilizeni alichonifundisha, kwa sababu nyinyi mna mashine nyingi na mikono baridi. Kabla ya kumshika kinda alitia mikono yake kwapani mpaka ipate joto. Hakumtoa kinda kiotani kama mvua inanyesha, wala kama upepo unatoka mlimani, hata kama Daktari amekunja uso. Hakupanda mti ambao makinda wake wameshaota manyoya ya mabawa, kwa sababu hao wakiona ngazi wanajirusha majini, na kupanda kurudi hawawezi. Na alikuwa na mazoea ya kuzungumza nao kwa upole, kama unavyozungumza na mgonjwa. Mimi nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anawaomba radhi.

Alizoea kuniambia, "Huyu si wako, binti yangu. Umemwazima kwa mama yake, na mama yake anaangalia saa."

Miaka ile ya kwanza ilikwenda vizuri. Niliacha kuwa mtu wa kuondoka tu, nikajifunza kupanda, kupima, kubana pete. Daktari alikuwa akikaa kwenye turubai na kitambaa chake cha manjano, wanawake wakipita nje wakimsalimu kwa kejeli, "Habari ya nyumbani, mama?" Naye alijibu kwa sauti nyembamba, na wao wakaenda zao wakicheka. Hayo nayo nayaandika ili mjue kwamba hakuwageuka watu asiowajua.

Mambo yaliharibika pale kazi ilipokuwa kubwa. Wafadhili wa ng'ambo walipenda alichoandika, wakataka zaidi. Sasa haikutosha kuchungulia. Kila kinda apimwe, tena na tena, tangu kuanguliwa mpaka kuruka. Wakaletwa wanafunzi kutoka mjini, watoto wa watu, wachangamfu, wenye buti mpya. Walipanda miti kila siku ya Mungu, iwe mvua isiwe mvua. Na kwa kuwa walikuwa wanasahau kiota walichopima jana ni kipi, Daktari aliagiza kila kiota kinachopimwa kifungwe kitambaa chekundu kwenye tawi. Walifunga viota vyote vya upande wa mawe. Vya mbali, ambako ngazi haikufika, waliviacha.

Mzee Ramadhani alikwenda ofisini kusema pole pole. Aliambiwa kazi yake ni kushona vifuko.

Kuna ndege mmoja ambaye hajahesabiwa kwenye ripoti yoyote ya kituo hiki, naye ni kunguru. Kunguru wa soko la Naro Moru walikuwa wamezoea maganda na utumbo. Siku moja mmoja wao aliona ngazi, akaona minandi wakiruka wote kwa pamoja, akaona viota viko wazi. Kesho yake alikuja na wenzake. Baada ya muda hawakungoja minandi waruke. Walikuwa wanatusubiri. Tukitoka kituoni na ngazi begani, wao wako tayari kwenye misonobari, wamekaa wametulia kama watu wanaongoja duka lifunguliwe. Na niwaambie jambo ambalo nililiona kwa macho yangu: walijua maana ya kitambaa chekundu. Walikwenda moja kwa moja kwenye vitambaa.

Nililiona nikiwa na Daktari. Alikuwa amerudi kukaa kwenye turubai baada ya muda mrefu, kwa sababu makinda walikuwa wanakufa kuliko mwaka wowote na hakuelewa. Siku hiyo nilishuka naye kama zamani, ila hakutaka niondoke. Alisema nikae, macho mawili zaidi yatasaidia. Tukakaa. Wanafunzi wakaja na ngazi. Minandi wakaruka. Wanafunzi wakapima kiota kimoja, wakahamia cha pili, na kunguru akatua kwenye kile cha kwanza kabla mguu wa ngazi haujakauka matope. Akatoka na kinda mdomoni. Akaja mwingine. Kwenye mti wa jirani, makinda wakubwa waliona ngazi inakuja wakajirusha, mmoja baada ya mwingine, tukasikia wanavyopiga maji. Wale wanafunzi hawakuona kitu. Walikuwa wameinamia mizani, wakitajiana namba kwa Kiingereza.

Kule mbali, kwenye viota visivyo na kitambaa, mama walikuwa wamerudi wamekaa. Na nyuma yetu kabisa, karibu nasi kuliko yeyote, maitu na wenzake walikuwa wanateka maji.

Daktari alitoa jicho kwenye kitundu. Alikuwa bado amejifunga kile kitambaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Muthoni, umeona nilichoona?"

"Nimeona, Daktari."

"Ni sisi."

Wanafunzi walipoondoka akasema mwaka ujao tutabadilisha utaratibu. Nikamwamini. Nilikwenda nyumbani nikamwambia maitu kwamba Daktari amejua ugonjwa ni nini, na mtu akishajua ugonjwa dawa haiko mbali. Mtoto wa kike nilikuwa bado, nilidhani kujua na kusema ni kitu kimoja.

Yeye alikuwa na hofu zake, na sitazificha. Angeandika kwamba utafiti wake mwenyewe ndio uliowaua makinda, wale waliokuwa wanapita na chupa za chai wangecheka na kurudi kukaa kwenye kiti. Angekuwa Mwafrika wa kwanza na wa mwisho. Hilo nalielewa. Nimelielewa miaka yote hii, na bado linanikasirisha kila nikilifikiria, kwa sababu hakunyamaza tu. Angenyamaza, yangekwisha hapo. Ripoti ilipotaka sababu, aliandika sababu. Aliandika kwamba makinda wanakufa kwa usumbufu wa binadamu.

Binadamu, nyinyi wasomi, ni nani? Tulikuwa watu wa aina mbili tu pale bwawani, wenye ngazi na wenye mitungi.

Chifu aliitisha baraza penye uwanja wa shule. Alikuja afisa kutoka Nyeri, mtu wa pwani, kwa hiyo baraza likafanywa kwa Kiswahili. Alisoma kwamba wataalamu wamethibitisha ndege wa bwawa wanamalizwa na watu wanaoingia ovyo kuteka maji, na kwamba bwawa litazungushiwa seng'enge, na wananchi watatumia mto. Mto uko bondeni. Nyinyi mnaushukia na gari la kituo mkienda kuosha buti. Wanawake waliushukia kwa miguu, na kuupandia na mtungi.

Mimi nilisimama. Nilikuwa mfanyakazi wa kituo, nimevaa koti la kituo, na nikasema mbele ya watu wote kwamba wanawake hawajamfukuza ndege hata mmoja, ni ngazi zetu na vitambaa vyetu na kunguru. Nilisema Daktari ameona mwenyewe. Chifu aliniambia nikae chini, nisilete aibu kwa mwajiri wangu. Daktari alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake, jinsi maitu alivyomfunza.

Kisha maitu akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia viazi Karatina, na hakukionea haya.

"Mimi niko na swali moja tu," alisema. "Daktari, ulikuja kwangu ukasema ndege wanaogopa wewe. Nikakupatia kitambaa yangu ufanane na mimi, ndio wasiogope. Sasa kama ndege wanaogopa mimi, ulivaa ya nini?"

Watu wakaangua kicheko. Afisa wa pwani hakuelewa kisa, akamuuliza chifu, chifu akasema ni mambo ya wanawake. Daktari alifungua mdomo. Nilimwona. Alifungua mdomo, akamtazama afisa, akamtazama mzungu mmoja wa wale wa chupa za chai, aliyekaa mwisho wa benchi, akaufunga.

Maitu akangoja. Alipoona hapana jibu akasema, "Basi nirudishie kitambaa yangu."

Baraza likafungwa kwa sala.

Seng'enge ilizungushwa kabla ya masika. Kitambaa hakikurudishwa. Na sasa sikilizeni sehemu ambayo huwa inaninyima usingizi mpaka leo, na si ile ya baraza. Mwaka huo fedha za wafadhili zilichelewa. Wanafunzi hawakuja. Ngazi ilikaa stoo. Hakuna mtu aliyepanda mti hata mmoja, na vitambaa vyekundu vilioza vikaanguka. Kunguru walikuja kwenye misonobari siku chache, wakakaa, wakaona duka halifunguliwi, wakarudi sokoni. Makinda wakakua. Miti yote ilijaa watoto wanaopiga kelele, hujapata kuona. Mimi na Mzee Ramadhani tulisimama kwenye ukuta wa bwawa tukawaangalia, na nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi, nikasema sasa mambo yamejieleza yenyewe.

Yaliandikwa. Iliandikwa kwamba seng'enge imefanya kazi.

Mzee Ramadhani alisomewa hiyo ripoti akiwa anashona. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akasema kwa upole, "Sasa hiyo haiwezi kung'olewa tena, binti yangu." Baadaye kidogo alistaafu akarudi Majengo. Aliniachia mfuko wake wa vyombo. Nilikwenda kumzika kule, nikakaa na wanawake wa upande wa mama yake na wa upande wa baba yake, na hakuna mtu wa kituo mwingine aliyekuja.

Maitu alishuka mtoni miaka mingi. Njia ile ikinyesha inakuwa sabuni. Siku aliyoanguka alikuwa anapanda, mtungi umejaa, na mukwa haumwachii mtu aliyeanguka: mzigo ulimfuata. Mguu uliungwa Nyeri, ukaungika vibaya. Tangu hapo anatembelea fimbo, na maji anateka jirani kwa niaba yake, au mimi nikiwa nyumbani.

Mtaniuliza kwa nini nilibaki kazini. Nilikuwa na watoto, na hapakuwa na mwajiri mwingine kati ya hapa na Nanyuki aliyehitaji mwanamke wa kupanda miti. Kunihamishia Nanyuki walinihamishia, masika hayo yalipokwisha, kwa yale niliyosema barazani, nikapanga ngozi za ndege kwenye makabati kwa miaka kadhaa, madirisha yakitetemeka kila askari wa kigeni walipofanya mazoezi yao. Niliandika barua. Nilisema kwenye mikutano. Kila mkuu mpya aliniita, akanisikiliza, akaniambia jambo hili ni la kabla ya wakati wake. Daktari Kariuki alipanda juu, akahamia mjini, akazeeka vizuri. Alikufa na sifa zake, nami sikumwombea mabaya. Wala mazuri.

Niliporudishwa hapa nilikuta mmetengeneza chumba cha wageni. Kuna picha ya Daktari ukutani, ameinama na mtungi, mukwa kwenye paji. Picha imekatwa, ukiiangalia vizuri utaona kiwiko cha mwanamke pembeni. Hicho kiwiko ni changu. Chini ya picha kuna kisanduku cha kioo, na ndani yake kile kitambaa cha manjano, na karatasi inayosema ni vazi alilobuni mtafiti ili asiwasumbue ndege. Kioo hicho nimekipangusa mimi.

Halafu mwaka jana mmoja wenu, kijana mzuri tu, simtaji, alituonyesha picha ukutani kwa ile mashine. Ndege wa baharini, wa visiwa vya mbali ambako hata jua ni la kuazima. Alieleza kwamba wenzetu wa huko wamegundua watafiti wenyewe wanadhuru makinda: wakiingia kwenye viota mama wanaruka, makinda wanapigwa baridi, wengine wanakimbia wanapotea, na ndege wezi wanajifunza kumfuata mtafiti. Mlishangaa. Mliandika. Mkasema tutapunguza kupanda miti, na alama za viota ziwe ndogo zisizoonekana. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na birika la chai. Yule kijana akaniuliza kwa heshima, kama anayemuuliza bibi yake, "Cucu, nyinyi zamani mlikuwa mnajua hii?"

Nilimwambia tulikuwa tunajua. Nikamuuliza, na seng'enge je? Akasema seng'enge iko chini ya idara nyingine.

Kwa hiyo Ijumaa, mlipokuwa mnagawana keki, nilitoa bisibisi ya Mzee Ramadhani kwenye mfuko wake, nikaenda chumba cha wageni, nikafungua kisanduku. Skrubu zilikuwa nne, hazikunisumbua. Askari wa langoni alikagua begi langu kama anavyokagua la kila mtu. Aliona blanketi, saa na kitambaa. Aliuliza cha nani. Nikamwambia cha mama. Akaniruhusu kupita, kwa hiyo msimlaumu.

Nilimkuta maitu amekaa jikoni, mguu ameunyoosha karibu na moto. Nilimwekea kitambaa magotini. Macho yake si ya kutegemea sasa. Alikipapasa mpaka akafika kwenye pindo, pale alipokuwa amekishona mwenyewe kilipochanika siku za Karatina, na kidole chake kikasimama hapo. Akakinusa.

"Kinanuka dawa," alisema.

"Ni ya nondo, maitu. Walikuwa wamekiweka vizuri."

Mimi nilikuwa nalia, sitaki kuwadanganya. Nilikuwa nimengoja kumletea kitambaa hicho maisha yangu yote ya kazi. Kisha akauliza, "Na maji? Wamefungua?"

"Bado."

Alikikunja. Akakikunja mara ya pili, kikawa kidogo, akaninyooshea.

"Basi warudishie," alisema. "Mimi sikuwa nataka kitambaa."

Ndiyo hicho mlichokuta kimefungwa pamoja na karatasi hizi. Kirudisheni kwenye kioo, na skrubu zake ziko kwenye bahasha. Maitu amesema kaeni nacho mpaka siku mtakayofungua lango la bwawa. Siku hiyo mtu amletee kitambaa nyumbani, na asije mkono mtupu, aje na mtungi uliojaa. Nyumba ni ile ya kwanza baada ya kanisa. Mwiname mkiingia, mlango ni mfupi.